Kufunika nembo kwenye vyombo vya jukwaani: lini ufunike, na namna ya kufunika bila kuharibu chombo

Tuchukue tamasha la Kigoma ambalo mdhamini wake ni muuza pikipiki. Kalipia jukwaa, jenereta na mabango. Bendi inapanda, na kitu cha kwanza wanachokiona watu wa mbele ni mgongo wa kinanda ulioandikwa YAMAHA kwa herufi kubwa nyeupe. Yeye anauza pikipiki za kampuni nyingine. Ukimwambia kwamba kampuni ya vinanda na ile ya pikipiki zilitengana tangu 1955, utakuwa umesema kweli, ila haitamsaidia: jina ni lilelile, nembo ya uma tatu ni karibu ileile, na mji mzima unalijua jina hilo kutoka kwenye injini za boti ziwani kabla ya kulijua kutoka kwenye muziki. Kinanda hicho kifunikwe.

Ila kesi za namna hiyo ni chache. Bendi nyingi hubandika tepu kwa mazoea tu, kwa kuwa wameona bendi za Dar zikifanya hivyo kwenye runinga. Kwa hiyo kazi huanza na maswali, tepu baadaye.

Hatua ya 1: Uliza nani analipa, nani anarekodi, na chombo ni cha nani

Haya yaulize siku mnapokubaliana malipo. Usingoje kufika uwanjani.

Mdhamini akiwa na biashara inayogongana na jina lililo kwenye chombo, funika. Kituo cha runinga kikitaka jukwaa lisiwe na majina ya biashara, funika, na uwaulize wanataka vyombo vyote au vile tu vinavyoingia kwenye kamera. Wana sababu ya kuwa wakali. Tarehe 9 Februari 1964 Ringo Starr, mpiga dramu wa Beatles, alipiga kwenye kipindi cha runinga cha Ed Sullivan huko Marekani, jina la Ludwig, kampuni iliyotengeneza dramu zake, likiwa juu ya ngozi ya mbele, na Ludwig wakauza dramu kwa wingi ambao tangazo la kulipia lingeshindwa kuuleta. Anayeuza muda wa matangazo hapendi kuona mtu akiupata bure.

Chombo kikiwa cha kukodi, pata ruhusa ya mwenyewe kabla hujabandika chochote. Mwanamuziki mwenye mkataba na kampuni ya vyombo asome mkataba wake kwanza, maana mara nyingi kinachotakiwa kwake ni hicho hicho, nembo ionekane.

Kama hakuna lolote kati ya hayo, iache nembo ilivyo. Kuwa na gitaa lenye jina la kiwanda jukwaani si kosa. Pia ile hofu kwamba YouTube watafunga video kwa sababu ya nembo ya kinanda haina msingi. Mfumo wao unalinganisha sauti na picha na kazi ambazo wenye haki wamezisajili kwao. Hautafuti majina ya viwanda kwenye vyombo. Kinachokufungia video ni mdundo wa mtu mwingine uliouingiza bila ruhusa.

Jambo moja halina mjadala: usikwangue nembo. Gitaa huku Tabora na Kigoma zinauzwa mkono kwa mkono, na mnunuzi huanza kwa kukagua kichwa cha gitaa. Akikuta pamekwanguliwa, atafikiri ni feki lililokuwa na jina la uongo, au ni la wizi. Kwa vyovyote bei inashuka.

Hatua ya 2: Kusanya vifaa

Kwa bendi ya watu wanne au watano, hivi vinatosha:

- Tepu nyeusi ya kitambaa isiyong'aa, ile ya mafundi wa jukwaa inayoitwa gafa, upana wa sentimita 5, roli moja. Kama mjini haipatikani, agiza Dar mapema.
- Tepu ya karatasi ya mafundi rangi za magari, roli moja.
- Karatasi nyeusi ya manila, moja.
- Kitambaa chepesi cha pamba, cheusi, mita 2.
- Kitenge kimoja, na vibanio vya nguo 12.
- Bisibisi ya nyota na ya bapa, ufunguo wa dramu, na mfuko mdogo wa nailoni.
- Mafuta ya alizeti kidogo na flana kuukuu ya pamba.

Tepu mbili ziache dukani. Ya kwanza ni ya umeme, ile nyeusi ya plastiki. Jua likiipiga, gundi inayeyuka na kuhama, unabaki na ute mweusi unaodaka vumbi. Ya pili ni ya fedha ya kuzibia mabomba. Gundi yake ni kali kuliko kazi hii, na inang'aa kwenye taa kuliko nembo uliyotaka kuificha.

Hatua ya 3: Gitaa

Pitisha ukucha juu ya nembo kabla ya lolote. Unatafuta ukingo.

Kidole kikiteleza bila kukwama, nembo iko chini ya vanishi au imechongwa ndani ya mbao, na tepu itakaa juu yake salama. Ukisikia kijukingo chembamba kama cha stika, basi nembo ni utando uliobandikwa juu ya rangi, na tepu yoyote ikiugusa itaondoka nao. Gitaa nyingi za bei ya chini ziko hivyo, na baadhi ya za bei kubwa pia. Hapo weka kizuizi: kata manila kwa umbo la nembo, ongeza milimita 3 kila upande, iweke juu ya nembo bila gundi, kisha funika kwa gafa inayozidi karatasi kwa sentimita 1 pande zote. Gundi inashika mbao iliyozunguka, nembo inagusana na karatasi tu.

Kata kona za tepu ziwe mviringo. Kona kali ndizo huanza kubanduka, na nyuzi zikikwaruza hapo utasikia mlio kwenye spika. Tepu isiguse nyuzi wala vikazio vyake. Baada ya kubandika, kaza na ulegeze kila uzi mara moja uone kama kuna kinachokwama.

Ukiwa na Gibson ya Marekani, usiweke tepu kabisa. Vanishi yake ni ya nitroselulosi, laini, na haipatani na gundi, plastiki wala mpira. Alama inaweza kubaki ndani ya vanishi yenyewe, na hakuna kitambaa cha kuifuta. Vaa kichwa cha gitaa kifuko cha pamba kilichoshonwa kwa kipimo, au mwombe mpiga picha abane fremu yake. Epiphone, Squier na gitaa nyingi za Yamaha zina vanishi ngumu zaidi inayovumilia tepu kwa saa kadhaa.

Saa kadhaa, si wiki. Bandika mkiwa nyuma ya jukwaa, toa mkishuka. Gitaa lililoachwa na tepu ndani ya begi nyuma ya pikapu, kwenye jua la Tabora la Septemba na Oktoba kabla mvua hazijaanza, gundi yake itakuwa imegeuka lami mkifika. Hivyo hivyo ukisafiri na treni kati ya Tabora na Kigoma: toa tepu zote kabla ya kufunga begi.

Hatua ya 4: Kinanda

Kinanda ndicho chombo chenye kelele zaidi kwa macho, kwa sababu mgongo wake unawatazama watu na jina huandikwa hapo kwa makusudi. Bahati nzuri ndicho rahisi kukifunika, na hakihitaji gundi yoyote.

Kitenge kina upana wa karibu sentimita 115. Kinanda cha vitufe 61 kina urefu wa karibu mita moja, kwa hiyo upana wa kitenge unakitosha na kubakisha kidogo kila upande. Cha vitufe 88 kinazidi upana huo. Kigeuze kitenge uutumie urefu wake. Kibane kwenye stendi kwa vibanio, usikitundike juu ya kinanda chenyewe: kikivutwa na upepo wa ziwani au mguu wa mtu, kiangushe vibanio, kisiangushe kinanda.

Kabla ya kubana, chomeka kila kitu kwanza: waya wa umeme, waya za sauti, pedali. Vyote huingilia nyuma, na ukifunika mapema utapapasa gizani wakati MC ameshawataja. Upindo wa chini uishie sentimita 10 juu ya sakafu, pedali isinaswe. Kama kinanda kina spika zake au matundu ya hewa, yaache wazi.

Neno kuhusu rangi. Mdhamini akitaka rangi zake, shona kwa rangi hizo na umalize. Kwenye mkutano wa kampeni chagua nyeusi tupu, kwa kuwa kitenge cha rangi ya chama kingine kitakuletea maneno kuliko nembo ya kiwanda chochote.

Hatua ya 5: Dramu

Hapa ndipo watu huharibu sauti. Jina liko katikati ya ngozi ya mbele ya ngoma kubwa ya mguu, na njia ya haraka ni kulibandika tepu juu. Tepu ni uzito, na uzito katikati ya ngozi unaua mvumo. Wapo wanaoipenda sauti hiyo kavu, lakini iwe umeichagua, isiwe imekutokea.

Njia safi ni kitambaa chini ya pete:

1. Pima kipenyo cha ngoma. Ya inchi 22 ni karibu sentimita 56.
2. Kata duara la kitambaa chepesi cha pamba lenye kipenyo cha sentimita 66, ili kila upande uwe na sentimita 5 za kubanwa.
3. Legeza skrubu zote za pete ya mbele. Seti nyingi zina nane, nyingine kumi. Ondoa pete, ngozi ibaki mahali pake.
4. Tandaza kitambaa juu ya ngozi, rudisha pete, kaza skrubu zote kwa vidole hadi ziguse.
5. Endelea kwa ufunguo, nusu mzunguko kila mara, ukivuka kwenda skrubu ya upande wa pili. Ukizifuata kwa kuzunguka duara, pete itakaa kombo na kitambaa kitakunjamana upande mmoja.
6. Kama ngozi ina tundu la maikrofoni, lipapase na ukate kitambaa sentimita 1 ndani ya ukingo wake. Paka ukingo wa kitambaa gundi ya mbao, uache ukauke, usichanike nyuzinyuzi.

Fanya hivyo mchana, kabla ya kupima sauti. Fundi mitambo akishapanga sauti ya ngoma, kuifungua pete ni kumwanzishia kazi upya.

Matoazi usiyaguse. Tepu inaua mlio wake, na ukifuta wino kwa thina haurudi. Kuyageuza nembo imtazame mpigaji nako hakudumu, yanazunguka yenyewe yakipigwa. Kwa mbali hakuna anayeisoma.

Hatua ya 6: Amplifaya, spika na maikrofoni

Jina kwenye amplifaya ya gitaa mara nyingi ni kibati kilichofungwa kwa skrubu au vibano. Kukifungua ni bora kuliko kukifunika. Skrubu zitie kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kibati, uandike ni za amplifaya ipi. Kama hakifunguki, usibandike tepu kwenye kitambaa cha spika, itang'oa nyuzi zake. Tundika kitambaa chepesi mbele, na ukipime kwanza kwa mdomo: kiweke mbele ya midomo upulize. Pumzi ikipita bila kusukuma, sauti nyembamba zitapita. Ikigoma, mpiga solo atakuja kulalamika kwamba gitaa limekuwa zito.

Nyuma ya amplifaya na spika zenye mashine ndani pasifunikwe na kitu chochote. Joto linatokea hapo, na likikosa njia chombo hujizima katikati ya wimbo au huungua.

Maikrofoni ya waya inatosha pete moja nyembamba ya gafa juu ya jina. Isiyo na waya, epuka tepu yenye bati, hasa kwenye kitako ambako antena hukaa mara nyingi. Sauti itakatikakatika na lawama atapewa fundi mitambo.

Hatua ya 7: Kubandua

Rudisha tepu juu ya mgongo wake yenyewe, polepole, ikiwa imelala karibu na mbao. Kuivuta juu kwa mkupuo ndiko kunakong'oa rangi. Ikigoma, ipashe moto kwa kiganja kwa dakika moja, au kwa drayer ya saluni kwenye moto mdogo, ukiwa umeishika mbali kidogo.

Gundi iliyobaki ifute kwa tone la mafuta ya alizeti kwenye flana, subiri dakika tano, sugua kwa mviringo, kisha malizia na flana yenye maji kidogo ya sabuni na nyingine kavu. Mawese hapana, hata kama ndiyo yaliyo jikoni: yanaacha rangi kwenye plastiki nyeupe na kwenye mbao isiyo na vanishi. Thina, petroli na dawa ya kutolea rangi ya kucha navyo hapana, vinakula vanishi na plastiki pamoja na gundi.

Kipande cha nembo kikitoka na tepu licha ya yote, usikirudishe kwa gundi ya papo hapo, inatoboa vanishi na kuacha doa jeupe. Acha kipande juu ya tepu yake, kiweke kati ya karatasi mbili kavu ndani ya kitabu, na umpelekee fundi gitaa pamoja na chombo.