Kuunda Sopwith Camel ya skeli, kazi yote iko kwenye nyaya

Wakuu, modeli za ndege hizi za bawa juu bawa chini zinatisha watu sababu ya nyaya zinazokaza bawa la juu na la chini, ila ukienda kwa mpangilio zinaundika vizuri tu. Chukua Sopwith Camel ya Uingereza ya 1917, ile halisi mabawa yalikuwa mita 8.5 hivi toka ncha hadi ncha, kwa skeli ya 1/48, yaani ndogo mara 48 kuliko ile halisi, unapata kama sentimita 18.

Maliza chumba cha rubani kwanza. Halafu usikimbilie kubandika bawa la juu! Paka rangi kila kipande kikiwa peke yake na toboa vitundu vya nyaya mapema, biti ya milimita 0.3 inatosha, maana ukishaunganisha mkono haupiti tena. Bawa la chini nchani linapanda, la juu limenyooka kabisa, kwa hiyo kata boksi gumu likushikie mabawa mpaka gundi ikauke. Vanishi usipulize siku ya mvua, unyevu wa Dar unaiachia ukungu mweupe.

Nyaya sasa. Mi natumia mshipi wa nailoni wa kuvulia samaki, mwembamba kuliko wote utakaopata Kariakoo, unapitisha kitunduni, supa gluu tone dogo kwa ncha ya sindano, upande wa pili unaning'iniza kibanio cha nguo uvutike, ikishika unakata. Ukilegea sogeza kijiti cha udi kinachowaka karibu bila kugusa, nailoni inajikaza yenyewe, inapendeza mno.

Injini iache izunguke pamoja na propela, kwenye Camel ilikuwa hivyo kweli.