Kabla hujatundika drinka ya mvumaji: utitiri, sisimizi na mafuta usiyotakiwa kupaka

Kila nikienda kumkaribisha mtu aliyehamia hapa Tucson, Arizona, Marekani, kutoka nyumbani, nakuta barazani pametundikwa chombo chekundu chenye maji ya sukari. Watoto wamependa ndege, mama kanunua chombo, baba kapiga msumari, kwisha. Hakuna aliyeuliza kinaoshwaje. Basi nisomeni kwanza, ndipo mtundike.

Ndege mwenyewe ni yule Wamarekani wanayemwita hummingbird. Mimi namwita mvumaji, maana mbawa zake hupiga mara hamsini hivi kwa sekunde na zinavuma kama nyigu aliyekasirika. Afrika hayupo, yuko mabara ya Amerika peke yake. Sisi tuna ndege aitwaye chozi, naye chozi mara nyingi hutua kwenye ua kabla ya kunywa. Huyu hunywa akiwa amesimama hewani. Chombo chake nakiita drinka, kama za kuku, na nawaomba muione hivyo hivyo: ni chombo cha mifugo kinachohitaji usafi, si pambo la baraza.

Nunua drinka inayofunguka yote, kila kipande, hadi yale maua ya plastiki ya kwenye tundu. Isiyofunguka usiinunue hata kwa bei ya kutupa.

Sukari iwe nyeupe ya kawaida, kikombe kimoja kwa vikombe vinne vya maji. Asali hapana, huotesha ukungu. Sukari ya kahawia hapana. Rangi nyekundu hapana, chombo chenyewe kinatosha kumvuta.

Badilisha maji kila siku mbili. Joto la hapa likipita nyuzi 35, badilisha kila siku, hata kama yaliyobaki yanaonekana masafi. Maji ya sukari yakichacha, utayaona yana ukungu mweupe kama maji ya mchele; hapo umeshachelewa.

Sisimizi watakuja. Tafuta kile kikombe kidogo kinachoning'inizwa juu ya drinka na kujazwa maji, wao hawaogelei. Kijaze kila asubuhi, kwa jua la hapa hukauka kabla ya saa nane mchana.

Sasa utitiri.

Siku moja utafungua drinka, utapitisha kidole chini ya ua la plastiki, na kidole kitatoka na vumbi la kahawia. Lifute kwenye sahani nyeupe, weka chini ya taa, ngoja kidogo. Vumbi litaanza kutembea. Mimi nililiona mara ya kwanza mwezi wa saba, kiangazi changu cha pili hapa, na mwili mzima ukanisisimka, kwa sababu nimekulia Morogoro kwenye banda la kuku la bibi na utitiri naujua. Nimeamka usiku nikijikuna. Nimeona tetea anayeatamia akiacha mayai kwa sababu yake. Utitiri ule mchana hujificha kwenye nyufa za mbao, usiku unatoka na kufyonza damu. Bibi alikuwa akipaka mafuta ya taa kwenye fito wanazolalia kuku na kwenye kila ufa, na ulikuwa unapungua kweli.

Kwa hiyo nikafanya nilichofundishwa. Mafuta ya taa niliyaogopa kwa ajili ya harufu, nikachukua mafuta ya mgando ya kujipaka, nikapaka waya wa kutundikia, nikazungusha na chini ya drinka pembeni mwa matundu. Nilijua nimewasaidia ndege.

Alfajiri ya siku ya tatu nilimkuta jike mmoja amening'inia kwenye waya kwa mguu mmoja. Nikadhani amelala, kwa sababu mvumaji usiku wa baridi huzimika kabisa, mwili unapoa, utaapa amekufa, na jua likitoka anaamka mwenyewe. (Ukimkuta hivyo usimguse.) Lakini hakukuwa na baridi. Nilipokaribia nikaona manyoya ya kifua yameshikamana vishungivishungi kama nywele zilizomwagiwa mafuta, ngozi inaonekana katikati, na bawa moja halikunjiki. Alikuwa amejaribu kujisafisha kwa mdomo na kuyasambaza hadi mgongoni.

Nilimweka kwenye boksi la viatu lenye matundu, juu ya kitambaa laini. Ndege mzima ana uzito wa gramu 4 hivi, sawa na kijiko cha chai cha sukari. Nilihisi moyo wake kwenye vidole. Jirani akanipeleka kwa mama mmoja mwenye kibali cha kutibu ndege wa porini, kwa sababu hapa sheria ya mwaka 1918 ya kulinda ndege wanaohama inakukataza kumfuga mvumaji nyumbani, hata akiwa mgonjwa. Yule mama alimwosha kwa matone ya maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, pamba kidogo kidogo, huku akimpa chakula kila baada ya dakika chache. Hakunifokea. Alinieleza tu kwamba manyoya ndiyo blanketi lake, yakilowa mafuta hewa ya joto inatoka yote, na kiumbe kidogo hivi hakina akiba ya kujipasha joto. Siku ya pili alikufa.

Ndipo nikakaa kusoma kuhusu kile kivumbi, jambo nililotakiwa kulifanya kwanza. Kuna utitiri wa maua ambao haufyonzi damu kabisa. Unakunywa mbochi, yale maji matamu ya ua, na kula chavua. Ua likinyauka unahitaji usafiri, basi mvumaji anapochomeka mdomo, unapanda mdomo mbio na kuingia puani mwake. Unasafiri humo humo puani hadi unaponusa ua unalolitaka, kisha unakimbia kushuka katika zile sekunde chache ndege anapokunywa. Mtafiti mmoja Mmarekani, Robert Colwell, amewafuatilia miaka mingi. Kwenye maua ya kichaka kiitwacho Hamelia patens alipima akakuta unaweza kunywa hadi asilimia 40 ya mbochi. Ni mwizi wa chakula, si mnyonya damu. Na uko utitiri mwingine unaofuata sukari iliyochacha popote ilipo, iwe kwenye matunda makavu au kwenye chombo kichafu.

Huna haja ya darubini kujua umepata upi. Dawa ni moja: kuosha. Fungua kila kipande, mwaga maji yote, loweka kwenye maji ya moto, sugua chini ya maua na ndani ya matundu kwa brashi nyembamba ya chupa. Siki inatosha siku za kawaida. Ukiona ukungu mweusi, loweka kwa jiki kipimo kimoja kwa maji vipimo tisa, kisha suuza, suuza tena hadi harufu iishe, anika ikauke kabisa. Futa pia waya na ndoano, halafu nawa mikono. Uwe na drinka mbili, moja inakauka wakati nyingine iko kazini.

Usipulize dawa ya wadudu. Usinyunyize dawa ya unga ya kuku. Usipake mafuta ya aina yoyote, ya kula, ya kujipaka wala ya taa, mahali popote mdomo, mguu au kifua cha ndege kinaweza kufika. Mtu akikwambia yeye hupaka na hajaona tatizo, mwambie ndege aliyepakwa hafii barazani pake, anakwenda kufia kichakani.

Mengine ni ya kawaida. Drinka ikae kivulini, ndani ya hatua moja ya dirisha au mbali nalo kabisa, maana katikati ndiko ndege anakopata kasi ya kujibamiza. Paka afungiwe ndani. Watoto wasiguse chombo bila kunawa. Nyuki wakizidi, ihamishe hatua chache. Na ukisafiri zaidi ya siku mbili bila mtu wa kuosha, ishushe uifungie kabatini. Ndege atakwenda kwenye maua ya jirani hadi urudi.