Kabla hujaunganisha mfumo wako na API ya kutuma pesa nje

Ukiishi Zanzibar hukosi ndugu Muscat, Dubai, Moroni au London, na siku hizi mwenye duka la kupokea fedha za ng'ambo anataka mfumo wake mwenyewe. Kazi hiyo ikikufikia mezani, soma haya kabla hujagusa kibodi.

Kwa anayeanza, API ni mlango ambao programu yako inaugonga kwa mtoa huduma: nani anatuma, nani anapokea, kiasi gani, sarafu gani. Hapo hakuna karani wa kukutazama usoni akakuuliza kama una hakika. Ulichoandika ndicho kinachokwenda.

Anza na leseni. Mifumo ya malipo inasimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015, na Zanzibar ina sheria yake ya kupambana na utakasishaji wa fedha haramu ya 2009. Mteja wako kama hana leseni wala mkataba na mwenye leseni, funga kompyuta nenda zako. Nchi yetu ilikaa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa kinachopambana na utakasishaji wa fedha (orodha hiyo ni ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu), tangu Oktoba 2022 mpaka Juni 2025, kwa hiyo jiandae kuulizwa sana watumaji ni nani na pesa zimetoka wapi.

Funguo za siri, zile ambazo mtoa huduma anakupa ili mfumo wako utambulike kwake, zisikae ndani ya msimbo wa programu yako. Usizitume WhatsApp, usizipandishe GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, maana hata ukifuta ule mstari, historia yake inabaki. Ufunguo wa majaribio na ufunguo wa kazi halisi uviweke mbalimbali. Mawasiliano yote yapite kwenye TLS 1.2 au zaidi (njia ya kuficha mawasiliano ya mtandaoni), na usizime ukaguzi wa cheti cha seva, kinachothibitisha kuwa unaongea na mtoa huduma mwenyewe, eti kwa sababu kilikusumbua kwenye kompyuta yako nyumbani.

Sasa hili la senti, na hapa naomba utulie.

Watoa huduma wengi hawapokei kiasi chenye nukta. Wanataka namba kamili katika kipande kidogo kabisa cha sarafu: dola 25 inaandikwa 2500. Nilipojenga mfumo wangu wa kwanza wa namna hii niliandika mstari mmoja, zidisha kwa 100, nikaendelea na mambo mengine. Nikajaribu kwa dola, sawa. Kwa shilingi, sawa. Kwa pauni, sawa. Tukafungua.

Riali ya Oman haina vipande 100. Ina baisa 1,000. Mtu wa Muscat akitoa riali 40, mfumo wangu uliandika 4000, na mtoa huduma akasoma baisa 4000, yaani riali nne. Riali moja imefungwa kwenye dola 2.60 hivi, kwa hiyo zaidi ya dola 100 zilifika Pemba kama dola 10 na kidogo.

Ulinzi wote ulikuwa sawasawa. Funguo zilikuwa salama, saini zilikubali, hakuna mwizi aliyeingia. Na sisi tulikuwa tunakagua kila jioni. Kijana wa hesabu aliweka karatasi mbili pembeni kwa pembeni: yetu imeandikwa 4000, ya mtoa huduma imeandikwa OMR 4.000 (OMR ni riali ya Oman). Jicho lake likaona elfu nne na elfu nne, akatia alama ya tiki. Ile nukta ilikuwa ya desimali, kwa sababu riali huandikwa kwa tarakimu tatu baada ya nukta. Tiki zile zilikwenda siku nne.

Aliyetugutusha ni mzee mmoja wa Muscat aliyekuwa akimtumia dada yake wa Wete pesa za skukuu. Alinipigia mwenyewe. "Mwanangu, mimi nimetoa riali arubaini. Dada yangu katoka shamba mpaka mjini, kapewa za nauli. Hizo nyengine ziko wapi?" Nikamwambia, "Shikamoo mzee, nipe saa moja." Haikunichukua saa. Nilipoiona ile 4.000 nilihisi tumbo limeshuka. Pesa zilizobaki hazikupotea, zilikuwa kwenye akaunti ya mteja wangu, lakini benki zilikuwa zimeshafunga kwa Idi. Familia 11 zilikula skukuu kwa sehemu moja ya kumi ya walichotumiwa, na yule bibi alikuwa amekopa unga na nyama dukani kwa ahadi ya pesa hizo. Nilikwenda Wete baada ya Idi kumwomba radhi. Alinikaribisha chai, na sikuweza kuimaliza.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua jedwali la ISO 4217, orodha ya kimataifa ya misimbo ya sarafu, na mfumo wako usome humo idadi ya desimali za kila sarafu. Riali ya Oman, dinari ya Kuwait na dinari ya Bahrain zina tatu. Faranga ya Komoro, shilingi ya Uganda na yeni ya Japani hazina hata moja, na huko kosa langu lingetuma mara mia. Usihifadhi pesa kama namba ya nukta inayoelea (float, namba yenye desimali ambayo kompyuta huihifadhi kwa kukadiria), maana kwa kompyuta 0.1 ukijumlisha 0.2 haitoki 0.3 kamili. Hifadhi namba kamili, na msimbo wa sarafu, kama OMR, ukae pembeni yake daima. Mlinganisho wa jioni ufanywe na programu, namba kwa namba, usiachiwe macho. Na ujaribu kila sarafu utakayoitumia, hata kama mteja anasema "hiyo ni nadra".

Jingine ni kurudia ombi. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya nchi nzima iliyumba. Ombi lako likiondoka na jibu lisirudi, hujui kama pesa zimekwenda. Ukituma tena kiholela unaweza kulipa mara mbili. Kila ombi lipe namba yake ya pekee, ihifadhi kabla ya kutuma, na unaporudia tumia namba ile ile, ili mtoa huduma aitambue asilipe tena. Muulize mapema anaitunza namba hiyo kwa muda gani. Na "imepokelewa" si "imelipwa". Ulizia hali ya muamala mpaka upate jibu la mwisho.

Taarifa ambazo mtoa huduma anazituma kwenye seva yako zikague saini, mara nyingi ni HMAC ya SHA-256 (alama inayokokotolewa kwa ufunguo wa siri kuonyesha ujumbe umetoka kwake na haukubadilishwa), juu ya ujumbe kama ulivyofika, kabla hujaufungua. Angalia na wakati wake, mtu asije akakurushia ujumbe wa jana.

Majina yetu nayo. Khamis wa kitambulisho ni Hamisi wa laini ya simu, na aliyeko Oman ana jina la ukoo ambalo nduguye wa Pemba halitumii. Muamala utakwama kwenye ukaguzi. Mwombe mtumaji jina lilivyo kwenye kitambulisho cha mpokeaji, herufi kwa herufi.

Usifungue mfumo mpya wiki ya Idi, wala Ijumaa mchana. Wiki za mwanzo weka kikomo kidogo cha kiasi. Jua nani upande wa pili anapokea simu usiku, na namba yake uiandike kwenye karatasi, maana umeme ukikatika na simu yako imezima utaitafuta.