ATV mpya: masaa 20 ya kwanza na sevisi ya kwanza, hatua kwa hatua

Nafanya kazi ya kutengeneza hizi mashine, yaani pikipiki za magurudumu manne, na kitu kinachoniuma ni kuona injini inafunguliwa mapema wakati ilikua inaweza kudumu miaka mingi. Mtu anaitoa dukani, siku hiyo hiyo anabana mafuta mpaka mwisho, alafu sevisi ya kwanza anaipitisha kwa sababu anaona bado mpya. Kama utasoma kipande kimoja tu hapa basi soma cha sevisi, ila vizuri uanzie juu.

Hatua ya 1: kabla hujawasha

Usichukulie kwamba muuzaji kamaliza kila kitu, kagua mwenyewe. Weka mashine sehemu tambarare upime oili, na hapa fungua kitabu chake, maana kuna stiki inayopimwa ikiwa imekazwa na kuna ya kuegesha tu juu bila kukaza, ukichanganya hizo mbili utajaza oili pungufu au utazidisha. Cheki kulanti (maji ya kupozea injini) kama ina rejeta, mafuta ya breki, nati za magurudumu. Betri ichaji mpaka ijae kwanza kwa chaja ndogo ya taratibu, ukianza kuitumia ikiwa nusu inakufa mapema.

Upepo wa matairi watu wanakosea sana. Tairi za ATV zinataka upepo kidogo, nyingi ni kama psi 4 mpaka 7 hivi, kwa hiyo geji ya gari haikufai, tafuta ya presha ndogo, na kushoto na kulia viwe sawa la sivyo usukani utavuta upande mmoja.

Hatua ya 2: kuizoesha injini

Kila kampuni ina namba yake, nyingi zinaangukia kati ya masaa 10 na 25, na mita ya masaa ipo kwenye dashibodi. Ya kitabu chako ndio ufuate. Mpangilio ninaoupenda mimi ni huu: masaa 10 ya kwanza usibane mafuta zaidi ya nusu kwa muda mrefu, kuanzia 10 mpaka 20 usizidi robo tatu, baada ya hapo na sevisi ikishafanyika uko huru.

Sababu yake ni ringi za pistoni. Kuta za silinda mpya zina mikwaruzo midogo iliyokatana, imewekwa makusudi kiwandani, ringi zinajisugua hapo mpaka zikae sawasawa. Ukizidisha joto kabla hazijakaa, zile kuta zinalainika na kung'aa, ringi hazikai tena, oili inapita inaenda kuungua na utaona moshi wa bluu nyuma. Lakini sikiliza, kuibembeleza kupita kiasi nako ni kosa, kinachozisukuma ringi zikandamize ukuta ni presha ya ndani ya silinda, so kuiacha inaunguruma tu bila kutembea hakusaidii kitu. Ipashe moto dakika chache, endesha, bana mafuta kidogo, achia, bana, achia, badilisha mwendo kila wakati. Trela, mzigo mzito, tope la kuzama, hivyo vyote visubiri.

Kama yako ni ya belti, yaani haina gia za kukanyaga, belti nayo ni mpya inahitaji kuzoea. Adui wake ni joto. Mlima, mzigo au mwendo wa kutembea kwa miguu weka gia L (ya taratibu yenye nguvu), usiing'ang'anize kwenye H (ya mwendo wa kawaida). Ukisikia harufu ya mpira unaungua simama hapo hapo, iache ipoe.

Breki: funga za wastani mara kadhaa ukiziacha zipoe katikati, usizibane ghafla ukiwa kasi labda iwe dharura. Na ukirudi kutoka safari ya kwanza kaza tena nati za magurudumu, huwa zinalegea kidogo zikishakaa.

Hatua ya 3: sevisi ya kwanza

Hii ndio kubwa kuliko zote zitakazofuata, kwa sababu vyuma vipya vikisuguana vinatoa chembe na zote zinaishia kwenye oili, filta inakamata kubwa, zile ndogo zinaendelea kuzunguka kwenye beringi zako. Haijalishi oili inaonekana safi, imwage.

Kazi ina mpangilio. Tapeti, yaani ule uwazi mdogo kati ya valvu na kinachoisukuma, zinapimwa injini ikiwa baridi kabisa, kwa hiyo anza nazo asubuhi. Pistoni iwe juu, valvu zote zimefunga, pitisha fila geji (vile vibati vyembamba vya kupimia uwazi), linganisha na kitabu. Tapeti iliyobana ni hatari kuliko iliyolegea, iliyolegea inapiga kelele unaisikia, iliyobana iko kimya ila valvu haifungi vizuri na inaungua taratibu.

Ukimaliza ndio washa injini ipate vuguvugu, zima, mwaga oili. Ikiwa na vuguvugu inatoka na uchafu wake. Angalia bolti ya chini ya kumwagia oili: utandu laini wa kijivu ni kawaida, ukikuta vipande vya chuma simamisha kila kitu ujue vimetoka wapi. Weka wosha mpya na kaza kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), bodi ya injini ni alumini, nyuzi zinang'oka kirahisi sana. Filta mpya ya kuzungusha paka oili kwenye mpira wake, kaza kwa mkono. Na kama klachi yako inaogelea kwenye oili ya injini usitie ya gari, tafuta kopo lililoandikwa JASO MA, ndio alama ya oili ya klachi za namna hiyo, la sivyo klachi itaanza kuteleza.

Difu za mbele na nyuma (yale maboksi ya gia kwenye ekseli) nazo mwaga oili yake, watu wanazisahau kabisa. Fungua kwanza bolti ya juu ya kujazia ndio ufungue ya chini, maana ya juu ikigoma wakati umeshamwaga mashine haiendi popote. Oili ya difu ya mbele kwenye modeli nyingine ni maalumu, usibahatishe.

Filta ya hewa ya sponji ioshe kwa sabuni, sio petroli, ikauke kabisa ndio uipake oili yake. Grisi kwenye nipo zote (vichuchu vya kupigia grisi), cheki buti za ekseli (mipira inayozifunika) hazijachanika, kebo ya mafuta iwe na uhuru kidogo.

Mwisho washa dakika moja, zima, subiri oili ishuke, pima tena uongeze kama imepungua, chungulia chini kama kuna sehemu inavuja. Andika masaa ya mita na tarehe, risiti za oili na filta ziweke pamoja na kitabu, siku ya kudai waranti ndio utaulizwa hizo.