Kabla ya kung'oa pampu ya hita, zijaribu koki kwanza

Kwa wanaobadilisha wenyewe pampu ya kuzungusha maji ya moto kwenye radieta za nyumba (vile vyuma vya kupasha vyumba joto), hii nimeijua juzi na inasaidia kweli: ukishazima umeme kwenye mein swichi, maji yakapoa na ukafunga zile koki mbili za kila upande wa pampu, usifungue nati zote kwa mpigo. Legeza moja tu, kidogo, weka ndoo chini usubiri. Maji yakiruka kwa presha halafu yakapungua hadi tone tone na kuisha, koki zimeshika, ni yale ya ndani ya pampu tu ndo yametoka, endelea. Yasipokoma kaza nati haraka, maana ukiendelea utamwaga maji ya mfumo mzima sakafuni, na ni meusi ya kutu, yanatia madoa vibaya sana. Koki za kufungwa kwa bisibisi ni rahisi kuzisoma, ule mfuo wa kuingizia bisibisi ukikaa kukingama na bomba imefunga. Mbinu hii inagoma kama koki hazipo kabisa au ni za zamani za gurudumu ambazo hazijaguswa miaka, hizo mara nyingi hazizibi na ukizilazimisha shina linakatika, bora umwage maji ya mfumo kwanza. Zile washa, yaani pete za mpira za kuziba kwenye nati, weka mpya, na dukani nenda na urefu wa pampu, nyingi ni milimita 130 au 180.