Badili kipande kimoja kwanza

Kama kazi imeanza kukuchosha roho, kabla hujaandika barua ya kuacha jaribu hili: chagua kipande kimoja tu cha siku yako, ukifanye kwa namna yako.

Mwaka 2001 watafiti wa Marekani, Amy Wrzesniewski na Jane Dutton, waliandika kuhusu wafanya usafi wa hospitali. Kazi ni ileile, lakini baadhi yao walikuwa wakipiga soga na wagonjwa na kuwaelekeza wageni njia, bila kutumwa na mtu. Hao ndio walioiona kazi yao ina maana.

Mimi niko kaunta ya duka la dawa. Nilichochagua ni wazee: nawaandikia juu ya boksi kwa kalamu nene, "asubuhi 1, usiku 1", halafu namwomba bibi anirudishie maelezo kwa mdomo wake. Dakika 2 hazifiki. Siku hizi wanakuja wakiniulizia, "Yule kijana wa maandishi makubwa yupo?"

Mshahara hautaongezeka kwa hili, tusidanganyane. Hilo kaa na bosi mlizungumze. Ila kipande chako kisizidi dakika 10 mwanzoni, na usimtangazie mtu.