Antena ya skana Mombasa: usikimbilie kilima

Kosa langu la kwanza katika kutafuta mahali pa antena lilinigharimu nauli ya bodaboda hadi kilima cha Nguu Tatu. Nilijiambia kwamba mawimbi ya VHF, masafa ya redio yanayotumiwa na meli na ndege, husafiri kwa kuonana, yaani antena mbili zisizozibwa na kitu, basi aliye juu kabisa ndiye asikiaye zaidi. Nikapanda na skana yangu ya mkononi, redio ya kupokea tu inayopekua masafa, nikafungua chaneli 16 ya meli, 156.8 MHz, nikapata taarabu. Wallahi, taarabu! Juu kule kuna milingoti ya utangazaji, na skana ndogo ikisimama karibu na mlingoti mkubwa huwa kama mtu anayenong'onezwa kando ya spika za harusi. Dalili yake ni hii: punguza nguvu ya kupokea, na muziki ukitoweka ghafla ilhali sauti unayoitafuta inabaki, ujue skana ilikuwa imezidiwa. Kichujio cha kuzuia 88 hadi 108 MHz, masafa ya stesheni za FM, husaidia, lakini kuhama husaidia zaidi.

Halafu urefu wenyewe hauna faida kubwa hivyo. Chukua kipeuo cha pili cha kimo cha antena juu ya bahari kwa mita, zidisha kwa 4.1, utapata kilomita. Antena iliyo mita 16 juu ya bahari inafika kama kilomita 16. Meli yenye antena iliyo mita 25 juu inaongeza 20 na nusu upande wake, kwa hiyo mnasikilizana karibu kilomita 37. Sasa panda hadi mita 49, mara tatu ya pale: umeongeza kilomita 12 tu. Ndege iliyo mita 10,000 angani hufika zaidi ya kilomita 400 kwa hesabu hiyohiyo, ndiyo maana rubani husikika popote mjini, huku anayemjibu kutoka mnara wa uwanja wa ndege wa Moi akimezwa na maghorofa.

Kwa hiyo amua kwanza unataka nini. Ukitaka meli, tafuta dari upande wa Kizingo au Likoni, pasiwe na jengo kati yako na mlango wa Kilindini. Ukitaka mazungumzo ya ndege ya pande zote mbili, sogea Changamwe au Magongo, na usisahau kuweka skana kwenye AM, namna ndege zinavyobeba sauti kwenye mawimbi; meli hutumia namna nyingine, FM. Mimi nilitaka vyote, nikaishia dari la ghorofa ya nne Ganjoni, penye matangi ya maji.

Kabla ya kupiga msumari hata mmoja, zunguka na skana na daftari. Fika kila mahali saa ileile, kaa nusu saa, uandike sauti hafifu kabisa uliyoielewa. Sauti kubwa haikufundishi chochote. Na usipapende mahali kwa usiku mmoja: joto la kaskazi likitulia juu ya bahari, mawimbi huteleza mbali ajabu, kesho yake yote yamepotea. Pale Ganjoni nilikaribia kukata tamaa kwa mvumo usioisha, kumbe ni taa ya LED ya bei rahisi kwenye ngazi. Tuliibadilisha, kukawa kimya.

Mwenye nyumba na mlinzi waambie mapema. Mimi niliwahi kuulizwa maswali kwa saa nzima kwa kusimama na waya mrefu mahali panapotazamana na bandari. Masafa ya polisi na jeshi usiyaguse, na kuhusu leseni waulize Mamlaka ya Mawasiliano kabla ya kununua chombo.

Antena yangu ni waya wa shaba wa sentimita 48, umesimama wima, na nne kama huo zimeinamishwa chini yake. Kebo ni ya televisheni. Kwa kupokea inatosha kabisa. Kiungo cha kebo na antena nakizungushia utepe wa mpira, tena tabaka mbili, maana chumvi ya Ganjoni ilikula cha kwanza kabla msimu wa kusi haujaisha.